Usaili wa Mbali: Kutoka Engare Nanyuki hadi Kijenge

Tangu mtu alipoanza kuomba kazi au haki kwa mtu mwingine, amelazimika kuonekana. Barua hueleza habari zake, na mdhamini huthibitisha tabia yake. Lakini mwenye kuamua hutaka kumtazama kwa macho na kumsikia kwa masikio kabla ya kutoa neno lake. Desturi hii ni kongwe, na katika nchi ya Mlima Meru imepita katika hatua tatu zinazostahili kukumbukwa sasa, maadamu kijana wa Kijenge aweza kuhojiwa na mwajiri aliye Nairobi au Geneva bila ya kutoka chumbani mwake. Makusudi ya insha hii ni kuonyesha kuwa mambo yanayodhaniwa madogo katika maandalizi ya usaili wa namna hiyo, kama vile mwanga, kimya na umeme, si madogo hata kidogo. Ni masharti ya haki.

Hatua ya kwanza ilikuwa ya kusafirisha mwili. Mwishoni mwa mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao igawiwe walowezi wa Kizungu. Tanganyika wakati huo ilikuwa nchi ya udhamini, na wenyeji wake walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko Umoja wa Mataifa. Maandishi yalipelekwa, lakini maandishi hayakutosha, na watu wakachanga fedha ili mjumbe wao aende mwenyewe. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York akasimama mbele ya Baraza la Udhamini. Ardhi haikurudishwa kwa safari ile. Walakini waliomsikiliza walimwona mtu mzima mwenye sauti na uso, si jina katika jalada. Gharama ya kuonekana ilikuwa kubwa, na ilibebwa na watu wengi kwa ajili ya mmoja.

Hatua ya pili ilitokea Arusha mjini. Baraza la Usalama liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda Novemba 1994, na Februari 1995 likaamua makao yake yawe Arusha. Vikao vilifanyika katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, majumba yaliyokuwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyovunjika mwaka 1977. Mahakama hiyo ilishtaki watu 93, nayo ikafungwa mwisho wa mwaka 2015. Mashahidi wengi walisafiri kuja kusema ana kwa ana. Baadhi hawakuweza, au waliogopa. Kwa hao majaji waliruhusu ushahidi wa picha na sauti kutoka mbali, lakini hawakuruhusu ovyo. Walipima umuhimu wa ushahidi, kutoweza au kutokubali kwa shahidi kufika, na uzito wa sababu yake. Mahakama ndugu yake ya The Hague ilikwisha kuweka miongozo mwaka 1996: shahidi akae mahali panapofaa, afisa wa mahakama awe pamoja naye, naye awaone majaji, mshtakiwa na mwenye kuuliza, nao wamwone yeye.

Hatua ya tatu imeletwa na waya na maradhi. Simu ya picha si jambo jipya duniani. Ujerumani ilifungua huduma yake kati ya Berlin na Leipzig mwaka 1936. Kwetu jambo hili lilingoja mkongo wa baharini wa Seacom, uliofunguliwa Julai 2009, kwani kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea zaidi setilaiti, ghali na ya polepole. Kisha ikaja korona. Mgonjwa wa kwanza nchini Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020, naye alikuwa Arusha. Februari 27, 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha, walifanya mkutano wao wa 21 kwa mtandao, na humo wakamteua Katibu Mkuu mpya. Njia iliyowatosha wakuu wa nchi haikukawia kuwafikia waombaji wa kazi.

Tulinganishe sasa hatua ya pili na ya tatu. Shahidi wa mahakama alipewa chumba, fundi na afisa wa kumsimamia. Msailiwa wa Kijenge ni shahidi, fundi, karani na bawabu wa nafsi yake. Aghalabu hukaa katika chumba cha kupanga, chini ya bati ambalo mvua ya masika hulipiga hata sauti ya mtu isisikike. Nje hupita bodaboda, na jirani ana redio. Umeme ukikatika, jopo halioni shida ya mtaa. Huona kioo cheusi, na huenda likadhani kuwa ni uzembe.

Kwa hiyo yampasa ajiandalie mwenyewe yale ambayo mahakama iliwaandalia wengine. Na atafute mapema mahali patulivu, hata kama ni ofisi ya rafiki. Aweke mwanga mbele ya uso, si nyuma ya kisogo. Ajaribu mtandao siku ya kwanza na saa ileile ya usaili. Awe na simu yenye chaji na kifurushi cha akiba. Na ahesabu saa kwa makini: saa 4 asubuhi ya Geneva ni saa 6 mchana kwetu wakati wa baridi ya Ulaya, na saa 5 wakati wa kiangazi chake. Zaidi ya hayo kuna jambo la adabu. Wengi wetu tumelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, ilhali katika kioo macho yaliyoinama hufasiriwa kuwa hila. Msailiwa atazame kamera, asidhani kuwa amevunja heshima.

Lakini mzigo huu usiwe wa mwombaji peke yake. Wahenga walisema macho hayana pazia. Kamera nayo huonyesha ukuta usiopakwa rangi sawasawa na uso wa mwenye chumba. Ikiwa majaji waliopima mauaji ya kimbari waliona lazima kuuliza kwanza kama shahidi yuko mahali panapofaa, mwajiri naye hana udhuru wa kutouliza. Na aseme mapema urefu wa mazungumzo, atoe namba ya simu ya dharura, akubali kurudia pale waya ulipokatika, na pasipo uwezo alipie mahali pa kukaa. Kuonekana kumekuwa rahisi kuliko siku za Kirilo Japhet. Kuonekana kwa haki bado ni kazi ya pande mbili.