Korischades: Shule ya Kijijini Iliyokuwa Bunge

Korischades ni kijiji kidogo karibu na mji wa Karpenisi, katika milima ya Ugiriki ya kati. Mgeni hukuta nyumba za mawe, misitu mlimani, na shule ya zamani ambayo leo ni makumbusho.

Mwaka 1944 majeshi ya Ujerumani yalishikilia miji na barabara kuu, lakini sehemu kubwa ya milima ilikuwa mikononi mwa wapiganaji wa msituni. Mwezi Aprili, wapiganaji hao waliandaa uchaguzi wa siri, na wanawake wakapiga kura ya kitaifa kwa mara ya kwanza. Mwezi Mei wajumbe waliochaguliwa, wakiwemo wanawake, walikutana katika shule hiyo wakatamka kwamba wanaume na wanawake wana haki sawa.

Vita vilipokwisha, tamko hilo liliachwa. Wanawake walipata haki ya kuchagua wabunge mwaka 1952.

Kwa hiyo, mwanahistoria anayesoma sheria za Athens peke yake ataanza na mwaka 1952, na kuwasahau wanawake waliokwisha kupiga kura miaka 8 kabla.