Gari linazunguka tairi bure na kulia kwenye kona: Ni tairi, shafti au bol jointi?

Na Mwandishi Wetu, Arusha

MVUA za masika zinapoanza mwezi Machi, barabara za udongo zinazopanda kutoka mjini Arusha kuelekea Ilboru, Sekei na vijiji vya juu yake, katika miteremko ya Mlima Meru, huwa na utelezi mkali. Magari madogo huonekana yakinguruma mahali pamoja, tairi moja la mbele likizunguka bure na la pili likiwa limetulia. Baada ya muda, baadhi ya magari hayo huanza kusikika yakilia “ko-ko-ko” kila yanapokata kona.

Mambo hayo mawili yana uhusiano, ingawa wenye magari wengi huyapeleka gereji kama matatizo tofauti. Wengine huyachanganya na tatizo la tatu, ambalo ndilo la hatari kuliko yote.

Magari mengi madogo yaliyopo mjini, kama Toyota Vitz, IST, Raum na Corolla za miaka ya 1990, huvutwa na magurudumu ya mbele, isipokuwa yale ya foo wili. Toyota Noah zilizotoka kuanzia mwaka 2001 nazo ni hivyo, tofauti na zile za awali ambazo husukumwa na magurudumu ya nyuma.

Katika gari la namna hiyo, gurudumu la mbele hupokea nguvu ya injini na wakati huohuo hukata kona. Kazi hiyo huwezeshwa na kiungo kilichopo mwisho wa shafti, ambacho mafundi hukiita sivi jointi. Ndani yake mna gololi sita zinazotembea katika mifereji ya chuma, zikiwa zimezama katika grisi na kufunikwa na mpira wenye mikunjo. Aina hiyo ya kiungo ilibuniwa katika miaka ya 1920 na Alfred Rzeppa, mhandisi wa kampuni ya Ford nchini Marekani, na ilienea katika magari madogo baada ya Mini kutoka Uingereza mwaka 1959.

Kuzunguka bure kwa tairi moja, peke yake, si ubovu. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa pande zote mbili, na tairi lililokanyaga tope likishindwa kushika ardhi, lile la upande wa pili nalo hubaki na nguvu ndogo kiasi hichohicho. Mlimani hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa uzito wa gari hulalia nyuma na magurudumu ya mbele hupungukiwa. Ndiyo maana wapo madereva ambao hupanda kilima kigumu kinyumenyume, jambo linalochekesha watazamaji lakini lenye akili: magurudumu yanayovuta yanakuwa upande wa chini, ambako uzito umehamia.

Kwa hiyo gari likizunguka tairi kwenye tope, kagua kwanza kashata za tairi na upepo. Likizunguka tairi hata kwenye lami kavu bila kukanyagwa mafuta kwa nguvu, tairi hilo huenda limekwisha au limekauka kwa uzee, hata kama kashata bado zinaonekana. Hakuna sababu ya kumruhusu fundi ashushe giaboksi kabla ya hapo.

Hali ni tofauti pale injini inaponguruma, gia ikiwa imeingia, na hakuna tairi hata moja linalozunguka. Hapo chanzo ni klachi, giaboksi, au shafti iliyokatika au kuchomoka. Mtu mmoja achungulie kwa mbali kutoka ubavuni wakati gari lipo mahali tambarare na hendibreki imevutwa: shafti ikizunguka na gurudumu limesimama, jibu limepatikana. Dereva wa gari la otomatiki akumbuke kwamba alama ya P hufunga meno ndani ya giaboksi. Shafti ikiwa imekatika, P haizuii gari kuteremka. Weka jiwe nyuma ya tairi kabla ya kushuka, hasa kwenye miteremko ya Sekei.

Sivi jointi huumia zaidi tairi linapozunguka kwa kasi topeni, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, kisha likashika jiwe ghafla. Gololi hugonga mifereji yake kwa nguvu zote za injini. Isitoshe, upande mmoja ukiwa umesimama, tairi linalozunguka huenda mara mbili ya kasi inayoonekana kwenye dashibodi. Mshale ukisoma 60, tairi lipo 120. Abiria wanaosukuma wasisimame mbele yake wala nyuma yake.

Hata hivyo, viungo vingi hufa polepole kwa sababu ya mpira uliochanika. Grisi hurushwa nje, na vumbi laini la udongo wa volkano wa Meru huingia badala yake. Dalili ni michirizi myeusi ya grisi upande wa ndani wa rimu. Mpira ukibadilishwa na grisi mpya kuwekwa kabla mlio haujaanza, kiungo huweza kupona. Mlio ukishaanza, kuongeza grisi ni kupoteza fedha.

Kupima ni rahisi. Tafuta uwanja ulio wazi, kata usukani hadi mwisho na uzunguke taratibu huku ukikanyaga mafuta kidogo, kisha rudia upande wa pili. Mlio wa “ko-ko-ko” unaofuata kasi ya gurudumu ni wa sivi jointi ya nje. Mara nyingi inayolia ni ya upande wa nje wa kona, lakini sauti husafiri ndani ya chuma, hivyo kagua zote mbili. Mgongo mmoja wa “kop” unapobadili kutoka D kwenda R huelekeza kwenye jointi ya ndani au maunti za injini. Usukani ukilia ungali umesimama, tazama beringi ya juu ya shokapu.

Mlio unaotokea kwenye matuta na mashimo, hata gari likienda moja kwa moja, ndio wa kuogopwa. Unaweza kuwa wa stabilaiza linki, ambao ni usumbufu tu, au wa bol jointi. Bol jointi ikichomoka, gurudumu hulala na usukani haufanyi kazi tena. Gari lipandishwe jeki, likalishwe kwenye stendi imara, kisha gurudumu lishikwe juu na chini na kutikiswa, na mkono wa chini uinuliwe kwa mtaimbo. Likicheza, lisiendeshwe, hata kama ni kutoka Sakina hadi mjini tu.

Kwa anayekwenda dukani kununua sivi jointi, achukue ile ya zamani mkononi. Gari la aina moja linaweza kuwa na idadi tofauti ya meno, na lenye breki za ABS huhitaji jointi yenye pete ya meno kwa nje. Bila pete hiyo, gari litatembea vizuri, lakini taa ya ABS itawaka.