Misaada ya Nje na Funzo la Songea

Wanafunzi wa hapa Bombambili wanapojadiliana na wahadhiri juu ya misaada ya nje, hoja mbili hugongana. Wapo wanaosema nchi maskini haiwezi kusonga mbele bila fedha za wageni. Wapo wanaosema kila msaada ni kitanzi. Sisi tunaona kwamba hoja zote mbili zinalikwepa swali la msingi: nani anaamua? Tuitazame historia.

Mwaka 1965 nchi yetu ilipimwa mara mbili. Ujerumani ya Magharibi ilikata msaada wa kijeshi kwa sababu ya uhusiano wetu na Ujerumani ya Mashariki. Mwalimu Nyerere akaiambia iondoe na misaada yake mingine. Desemba tulivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Azimio la Arusha la 1967 likatamka wazi kwamba fedha si msingi wa maendeleo.

Vijana nao walilichambua suala hili. Novemba 1968, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi wanamapinduzi wa USARF walizuia maandamano ya wenzao waliotaka kuvaa matambara na kuchangisha fedha za hisani mitaani. Kwao, umaskini wa wananchi haukuwa jambo la mchezo. Walter Rodney, aliyerejea kufundisha hapo mwaka 1969, aliusukuma mjadala mbele zaidi: ikiwa utajiri wa Afrika umechotwa kwa karne nyingi, nani hasa anamsaidia nani?

Jibu la vitendo lilikuwa limekwisha kuanza hapa hapa Songea. Litowa na vijiji vingine vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, chini ya uongozi wa Ndugu Ntimbanjayo Millinga, vilipokea fedha na wataalamu kutoka nje, akiwemo Mwingereza Ralph Ibbott. Lakini mgeni alikuwa mshauri tu. Mwamuzi alikuwa mkutano wa wanakijiji. Msaada uliwakuta watu wamekwisha kushika jembe.

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Hapa hatuna budi kujikosoa. Safari hiyo aliyewanyang'anya wanakijiji uamuzi wao hakuwa beberu. Tulikuwa sisi wenyewe.

Mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, wengi walishtuka kuona jinsi huduma za wananchi zilivyotegemea uamuzi wa mji wa mbali. Mshtuko huo ni wa haki, lakini haitoshi kumlaumu mtoaji. Kada anayepinga masharti ya wageni huku akiwapelekea wanakijiji mipango iliyokwisha kuamuliwa amebadilisha bwana tu. Kujitegemea kwa taifa kunaanzia kwenye mkutano wa kijiji, na kazi yetu ni kuulinda mkutano huo, hata dhidi yetu.