Moto Mmoja, Kazi Mbili

Katika vijiji vya Muhuta, kando ya Ziwa Tanganyika, msimu wa mawese hutambulikana kwa moshi. Mapipa ya chikichi huchemka juu ya mafiga tangu alfajiri, na kuni za kuyachemshia hushushwa vichwani kutoka milimani. Sehemu ndogo tu ya joto la kuni hizo huingia ndani ya pipa. Iliyobaki huchukuliwa na upepo. Jambo hili huonekana dogo. Hata hivyo, historia ya mataifa mengine inathibitisha kwamba joto linalopotea ni mali, na kwamba waliolithamini kwanza ni wale walioonja upungufu.

Hasara hii haimo katika mafiga peke yake. Kituo cha umeme kinachochoma makaa ya mawe hugeuza kiasi cha theluthi moja tu ya joto lake kuwa umeme. Theluthi mbili hutoka kwa bomba la moshi au humwagwa pamoja na maji ya kupozea mitambo.

Mwaka 1903, halmashauri ya Frederiksberg, iliyozungukwa na jiji la Copenhagen nchini Denmark, ilikuwa imekosa mahali pa kutupa taka. Ikajenga tanuri ya kuzichoma, na joto lake likapelekwa kwa mabomba hospitalini. Mwaka 1924 mji wa Leningrad katika Urusi ulianza kupasha majumba joto kwa mvuke uliokwisha kufanya kazi katika kituo cha umeme. Moto ukawa mmoja, kazi zikawa mbili.

Funzo kubwa lilikuja baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973. Nchi za Kiarabu zilipopunguza mafuta, Denmark, iliyokuwa ikitegemea mafuta ya nje kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi za nishati yake, ilijikuta taabani. Mwaka 1979 ikatunga sheria ya kupanga ugawaji wa joto mijini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kituo cha umeme cha Asnæs kikaanza kuupasha joto mji wa Kalundborg. Leo karibu theluthi mbili ya nyumba za nchi hiyo hupata joto kwa mabomba ya pamoja, na sehemu ya joto hilo hutoka viwandani.

Burundi nayo imeionja shubiri hiyo. Kuanzia mwaka 1996 hadi 1999, vikwazo vya nchi jirani vilifanya mafuta kuwa adimu na ghali. Kila mwanajeshi aliyekuwa kazini wakati huo anajua maana ya gari kusimama kwa kukosa petroli.

Ni kweli kwamba mkazi wa Muhuta hahitaji kupashiwa nyumba joto. Lakini anahitaji kuchemsha, kukausha na kupika. Kiwanda cha sukari cha Moso, kilichoanza kuzalisha mwaka 1988, huchoma makapi ya miwa yake chenyewe ili kupata mvuke. Viwanda vikubwa vya mawese duniani hufanya vivyo hivyo: nyuzi na maganda ya kokwa huchomwa, mvuke huzungusha mtambo wa umeme, kisha mvuke uleule huivisha chikichi. Mwambao wa kutoka Gitaza hadi Rumonge una makapi ya namna hiyo kila msimu. Kuyatupa na kisha kupanda mlimani kukata mti ni kujidhulumu.

Na mlima haunyamazi. Mwaka 2015 mvua kubwa zilileta maporomoko ya ardhi huko Gitaza, yakabomoa nyumba na kuikata barabara ya Bujumbura na Rumonge. Mvua haizuiliki, lakini mteremko uliovuliwa miti hauna cha kuushikilia udongo. Barabara ikikatika, wanaoitwa usiku kwenda kuokoa watu ni askari.

Kwa hiyo, ndugu wanajeshi na askari polisi, jambo hili linaihusu kambi pia. Jiko linalolisha mamia ya watu juu ya mafiga wazi hula msitu. Likijengewa kuta za matofali, likazibwa vizuri na kuwekewa bomba la moshi, kuni hupungua. Bomba hilo likipitishwa kando ya pipa la maji, walinzi wanaorudi kutoka doria hukuta maji ya moto bila kuwasha moto wa pili.

Wahenga walisema akiba haiozi. Joto, hata hivyo, ni akiba ya namna ya peke yake: halingoji, hupoa. Ni vigumu kulisafirisha mbali au kuliweka kwa muda mrefu. Sharti litumike karibu na mahali lilipozaliwa, na mtu aliye karibu nalo. Katika Muhuta mtu huyo ni mkamuaji wa mawese kando ya pipa lake, na katika kambi ni mpishi wa zamu.