Bima ya afya Burundi: kadi ipi inalipa, na makato yapi si bima

BUJUMBURA — Mfanyakazi anayeona makato kwenye hati yake ya mshahara huamini kwamba tayari ana bima ya matibabu. Kwa mtumishi wa serikali ya Burundi imani hiyo ni sahihi. Kwa dereva wa lori, karani wa ghala au mlinzi aliyeajiriwa na kampuni binafsi, mara nyingi si sahihi. Tofauti hiyo huja kujulikana mlangoni mwa hospitali, wakati fedha iliyo mfukoni ni ya ushuru au ya mafuta.

Ufuatao ni mwongozo wa mifuko iliyopo, nani anaingia, na kila mmoja unalipa nini.

Mutuelle ya watumishi wa serikali

Mfuko mkubwa wa matibabu kwa waajiriwa ni Mutuelle de la Fonction Publique, kwa kifupi MFP, uliowekwa kisheria mwaka 1980. Uliundwa kwa ajili ya watumishi wa serikali, wakiwemo walimu, wauguzi na makarani wa wizara, na ukafika pia kwa wafanyakazi wa mashirika ya umma. Makato yake yaliyozoeleka ni asilimia 10 ya mshahara wa msingi: asilimia 4 hutoka kwa mfanyakazi na asilimia 6 kwa mwajiri. Mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa faranga 200,000, kwa mfano, hukatwa 8,000 na serikali huongeza 12,000.

Wafanyabiashara wengi wa Buyenzi, Bwiza na soko la Kamenge hawajawahi kuajiriwa na serikali hata siku moja, lakini wamo katika mfuko huo bila kufahamu. Kadi ya mwanachama hufunika pia mwenzi wake wa ndoa na watoto wanaomtegemea. Mama anayeuza vitenge ambaye mumewe ni mwalimu ana haki ya kutibiwa kwa kadi ya mumewe. Vivyo hivyo kwa dereva ambaye mkewe ni muuguzi wa serikali.

Haki hiyo hata hivyo haiji yenyewe. Kukatwa mshahara kunamwandikisha mfanyakazi, hakuandikishi familia yake. Ni lazima mwanachama apeleke hati: cheti cha ndoa iliyoandikishwa kwa ofisa wa serikali, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na picha. Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Ndoa ya kimila au ya dini peke yake haitoshi, na mtoto ambaye hakuandikishwa komini hana karatasi ya kuonyesha. Watu huahirisha jambo hili kwa miaka, kisha hukimbilia ofisini siku mgonjwa ameshalazwa. Anayesafiri wiki mbili kwa mwezi hana sababu ya kungoja siku hiyo.

Malipo yanavyogawanywa

MFP hailipi gharama yote. Kwa matibabu na dawa za jenerika, yaani zile zinazouzwa kwa jina la dawa yenyewe, kiwango kinachofahamika ni asilimia 80, na mgonjwa hutoa 20. Kwa dawa za chapa ya kiwanda, ambazo wafamasia wa Bujumbura huziita spesialite, mfuko hulipa asilimia 70 na mgonjwa 30. Dawa za faranga 50,000 humgharimu mgonjwa 10,000 zikiwa jenerika na 15,000 zikiwa za chapa. Tena dawa ya chapa huwa na bei ya juu tangu mwanzo, kwa hiyo asilimia 30 yake inaweza kuzidi bei nzima ya jenerika ya aina ile ile.

Ni busara basi kumwomba daktari aandike jenerika pale inapopatikana. Neno "inapopatikana" lina uzito wake Burundi. Tangu mgogoro wa mwaka 2015 nchi imekabiliwa na uhaba wa fedha za kigeni, na waagizaji wa dawa hupanga foleni ya dola sawa na waagizaji wa mafuta na sukari. Jenerika ikikosekana rafuni, mwanachama hulazimika kununua ya chapa, au kulipa taslimu dukani pasipo na mkataba. Wafanyabiashara wanaoijua foleni hiyo kwa bidhaa zao hawatashangaa kwamba inafika hadi kwenye vidonge vya shinikizo la damu.

Kadi hufanya kazi katika hospitali, zahanati na maduka ya dawa yenye mkataba na mfuko, yakiwemo maduka ya MFP yenyewe. Kabla ya kuvuliwa shati kwa daktari, mgonjwa aulize dirishani kama mkataba upo na kama unahusu huduma anayoitaka. Kuna huduma za gharama kubwa ambazo mfuko hutaka kuzipitisha kwanza. Aliyetangulia kulipa mwenyewe atunze stakabadhi yenye muhuri pamoja na karatasi ya daktari. Stakabadhi peke yake isiyoonyesha ugonjwa wala jina la dawa haimsaidii.

INSS si bima ya ugonjwa

Upande wa sekta binafsi, taasisi ambayo jina lake huonekana kwenye hati za mshahara ni Institut National de Sécurité Sociale, INSS, iliyoanza mwaka 1962. Madereva wengi husema "nina INSS" wakimaanisha wana matibabu. Hawana. INSS hushughulikia mambo mawili: pensheni, na ajali za kazini pamoja na magonjwa yatokanayo na kazi.

Dereva akipinduka na lori la mwajiri, au kuli akivunjwa mguu na gunia wakati wa kupakua, hilo ni jambo la INSS: matibabu, posho ya siku asizoweza kufanya kazi, na malipo ya kudumu ikiwa amebaki na ulemavu. Mchango wa ajali za kazini hutolewa na mwajiri peke yake. Dereva huyo huyo akishikwa na malaria Kobero, au mkewe akihitaji upasuaji, INSS haihusiki.

Hata kwa ajali, haki hutegemea mambo mawili ambayo wenye malori wadogo huyapuuza. La kwanza, dereva awe ameandikishwa kabla ya ajali. La pili, ajali itangazwe bila kuchelewa, ikiwa na taarifa ya polisi na cheti cha daktari wa kwanza aliyemwona. Mwenye lori anayemlipa dereva kwa safari, bila mkataba wala uandikishaji, ameokoa mchango wa kila mwezi na kubeba mwenyewe hatari yote. Hesabu hiyo hupendeza hadi siku ya ajali.

Inafaa pia kutaja Kadi ya Njano ya COMESA, kwa sababu nayo huchanganywa na bima ya afya. Kadi hiyo hufunika madai ya watu wengine baada ya ajali ya gari nje ya nchi, pamoja na matibabu ya dereva na abiria waliojeruhiwa humo. Ugonjwa wa kawaida haumo.

Kwa ugonjwa, kampuni binafsi hulipia wafanyakazi wake moja kwa moja, hununua bima ya kikundi kutoka kampuni za bima, au hujiunga na mutuelle isiyo ya serikali. Wakulima wa kahawa, kwa mfano, wana mutuelle yao, MUSCABU. Anayeajiriwa aulize ni njia ipi, kiwango cha juu kwa mwaka ni kiasi gani, na kama familia imo. Ahadi ya mdomo ya bosi kwamba "tutakusaidia" haisomeki dirishani.

Asiye na mwajiri

Mchuuzi, mwendesha baiskeli ya mizigo na mkulima waliwekewa kadi ya serikali iitwayo CAM, iliyoanza mwaka 1984. Ilifufuliwa mwaka 2012 kwa ada ya faranga 3,000 kwa kaya kwa mwaka, na mwenye kadi alitakiwa kulipa asilimia 20 tu katika vituo vya umma. Ada ni ndogo mno ukilinganisha na gharama inayofunikwa, na ndiyo maana vituo vimelalamika kuchelewa kulipwa na wagonjwa wamelalamika kutumwa kununua dawa nje. Sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2020 ililenga kuupanga upya mfumo mzima, kwa hiyo masharti ya kadi hii yaulizwe kituo cha afya kabla ya kuitegemea.

Juu ya hayo yote kuna huduma ya bure. Mei 1, 2006 Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba watoto walio chini ya miaka mitano na akina mama wanaojifungua, hata kwa upasuaji, hawatatozwa katika vituo vya umma. Hii haihitaji kadi ya mwajiri.

Umuhimu wa hatua hiyo unaonekana kutokana na hali ya wakati ule. Septemba mwaka huo huo Human Rights Watch na shirika la Burundi la APRODH walitoa ripoti kuhusu wagonjwa waliozuiliwa hospitalini kwa kushindwa kulipa, baadhi yao kwa wiki na hata miezi, wakiwemo wanawake waliojifungua kwa upasuaji. Familia ziliuza mashamba na mifugo ili kuwatoa jamaa zao. Kwa mfanyabiashara mdogo kinachouzwa ni mtaji.

Ukivuka mpaka

Kadi za matibabu ya kawaida huishia mpakani. Kadi ya MFP haimsaidii mgonjwa kwenye zahanati ya Uvira, kilomita chache tu kupita Gatumba, na kadi ya NHIF ya Tanzania haimsaidii dereva aliyeugua Bujumbura. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa mfanyakazi kutoka nchi mwanachama haki ya hifadhi ya jamii sawa na wenyeji anapoajiriwa kule. Hilo linamfaa Mtanzania aliyeajiriwa Bujumbura. Dereva anayepita tu kwa siku nne hajaajiriwa kule, na itifaki haimbadilishii kitu dirishani.

Kila nchi pia ina hesabu yake. Tanzania ilianza NHIF mwaka 2001 kwa asilimia 6 ya mshahara wa mtumishi wa umma, mfanyakazi na mwajiri nusu kwa nusu. Kenya iliibadili NHIF yake Oktoba 2024 kwa mfuko mpya unaokata asilimia 2.75.

Kwa hiyo kampuni inayopeleka malori Dar es Salaam inapaswa kumwachia dereva fedha ya matibabu iliyotengwa mbali na posho ya chakula, au kununua bima ya safari inayotaja nchi za njiani kwa majina. Dereva naye abebe nakala ya uandikishaji wake wa INSS, jina la mwajiri lililoandikwa kamili, na namba ya simu ya ofisi ambayo mtu huipokea usiku.