Jiwe la Manda, Mchanga wa Shela

Tulingoja maji. Mkondo unaoingia Takwa ni mwembamba, mikoko imeubana huku na huku, na maji yakikupwa chombo hulala topeni mpaka Mungu apende. Nahodha, mzee wa Shela, hakuwa na saa. Alikuwa akiangalia mizizi ya mikoko tu. Tope la mzizi aliouchagua lilipofunikwa akavuta nanga, akasema, "Haya, mwanangu, sasa."

Wazee wake walipita njia hii wakija, sisi tunaipita tukirudi. Takwa ulikuwa mji wa Waswahili kwenye kisiwa cha Manda, ukaachwa mwishoni mwa karne ya 17. Wako wanaosema ni vita na mji wa Pate, lakini linalotajwa zaidi ni visima kuingia chumvi. Manda ni kisiwa kikavu hadi leo. Watu wakavuka mlango wa bahari wakajenga Shela, kwenye kisiwa cha Lamu, ila makaburi hayabebeki. Mara mbili kwa mwaka watu wa Shela huvuka tena kwenda kuomba mvua kwenye kaburi la mnara, lile lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani kama 1683. Wanaombea mvua mji uliokufa kwa kiu.

Mimi sikwenda kwa ajili ya kaburi. Nilikwenda kuangalia ukuta.

Ukisogeza uso karibu na ukuta wa msikiti wa Takwa, mahali lipu ilipobanduka, utaona mawe ya namna mbili. Mengi ni mawe ya ardhini, tumbawe la kale lililoganda kabla ya binadamu kufika hapa, gumu, lina matundu, halina umbo. Mengine, ya kingo na mapambo, ni laini na mepesi, na ukiyatazama vizuri yana vijinyota vidogo vilivyopangana. Hayo yalitolewa baharini yakiwa hai, yakachongwa yangali mabichi, kisha jua likayakausha yakawa magumu. Katikati ni chokaa, nayo ni tumbawe lililochomwa kwenye tanuu la magogo siku nzima na usiku. Kwa maneno mengine, mji mzima ulichimbwa. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoufukua mwaka 1951 alikuta nyumba na msikiti. Mashimo yalikotoka mawe hayo hakuna mtalii anayepelekwa kuyaona.

Mashimo ya leo, kwa upande wake, yanaonekana. Upande mwingine wa Manda kuna kijiji kiitwacho Maweni, na jina linajieleza. Wakata mawe wa pale wengi wametoka bara, na wengine watoto wao wamezaliwa hapo hapo. Kazi ni ya mkono. Niliyemkuta alikuwa ndani ya shimo linalonifika kifuani, vumbi jeupe limemkaa kwenye nyusi kama unga wa sima. Alipiga mstari kwa ncha ya sururu, akaurudia, akaurudia tena, halafu akaingiza kabari na kusikiliza. Kusikiliza hasa, kichwa ameinamisha. Jiwe likitoa sauti ya mkwaruzo, alinieleza, lina ufa, litavunjika; likilia kavu, litatoka mraba. Lilitoka mraba. Akaliweka juu ya mengine, akaendelea.

Nilimuuliza, shimo likiisha jiwe, linafukiwa na nani. Akacheka. "Kaka, hilo waulize wenye kisiwa."

Nani mwenye kisiwa? Hapo ndipo sheria yenyewe inapojikwaa. Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 imewatambua wachimbaji wadogo, ikaagiza kila kaunti iwe na kamati yao, na ikagawa mrabaha: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya mahali panapochimbwa. Kumi hiyo ndogo ndiyo yenye maswali makubwa. Jamii ya Manda ni ipi: wa Shela ambao wazee wao wamezikwa Takwa, au wa Maweni ambao jasho lao liko shimoni? Kwa maoni yangu ni wote wawili, na kikao kitakachoita upande mmoja kitakuwa kimekosea kabla ya mwenyekiti kufungua mdomo. Desturi ya huku, bahati mbaya, ni kumwita mwenye mkeka barazani na kumsahau aliye shimoni.

Watu wa Lamu wanajua vizuri kuitwa kwa wakati usiofaa kunafananaje. Si jiwe lililowafundisha, ni makaa ya mawe.

Kwasasi iko bara, kaskazini ya hapa, kwa boti si mbali. Huko kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga kituo cha umeme cha megawati 1,050. Makaa yangeletwa kwanza kwa meli kutoka Afrika Kusini, baadaye yachimbwe Bonde la Mui, Kitui. Mkulima wa Kitui na mvuvi wa Lamu wakafungwa kamba moja pasipo kujuana. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa leseni mwaka 2016. Muungano wa Save Lamu na wenzao wakakata rufani.

Kesi ilikuwa na mambo mengi, majivu, hewa, bahari, lakini lililonishika ni dogo na la kawaida mno: kalenda. Kanuni za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo mahali pa hadhara, atangaze gazetini na redioni, na redioni iwe pia kwa lugha ya wenyeji, kisha aitishe mikutano isiyopungua mitatu aeleze mradi na athari zake. Mikutano ilifanyika. Ila ilifanyika kabla ya tathmini kukamilika. Sasa athari gani zilielezwa, ikiwa hazijapimwa? Tathmini ilipokuja, hakuna aliyerudi kuwasomea watu kilichomo ndani. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni. Mwaka mmoja kabla, katika kesi ya bandari ya LAPSSET hapa Lamu, Mahakama Kuu ilikuwa imewapa wavuvi fidia ya shilingi bilioni 1.76, na huko nako kutoshirikishwa wananchi kulikuwa miongoni mwa makosa yaliyothibitishwa.

Bandari, kumbuka, ilijengwa. Fidia si ushauri.

Tulirudi Shela jua likiwa limelegea. Nyuma ya mji ndiko kuliko na vilima vya mchanga, na ndiko walikopigana watu wa Lamu dhidi ya Pate na Wamazrui wa Mombasa miaka ya 1810. Upepo ukivuma sana, husemwa, mifupa huchungulia. Baada ya vita hivyo ndipo Lamu ilipotaka ulinzi kwa Seyyid Said wa Oman, na ngome ya mjini, iliyokamilika mwaka 1821, ikasimama kwa mawe ya tumbawe kama yale ya Takwa.

Lakini hazina ya vilima si mifupa. Mvua ikinyesha hapa haitiririki, huzama mchangani ikakaa juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni nyepesi kuliko hayo, na visima vya Shela huchota hapo maji yanayonywewa hata Lamu mjini. Mchanga ukiondolewa, au watu wakijenga juu yake, maji hayo hayana pa kukaa. Mzee alinionyesha mteremko mmoja na kusema alipokuwa mtoto ulikuwa juu zaidi. Sikuwa na cha kupimia.

Kwenye kichochoro cha kupandia msikitini tulilazimika kujibana ukutani. Punda watatu walikuwa wakipanda, mwenye kuwaswaga, kijana mmoja, yuko nyuma. Wawili wa mbele mashogi yao yalijaa mawe ya Manda, meupe, mraba, bado yana vumbi. Wa tatu alibeba mchanga. Mzee aliutumbukiza mkono shogini alipompita, akausugua mchanga kati ya vidole, akamtazama kijana.

"Huu umeutoa wapi?"

Kijana akampiga punda kofi la mgongoni. "Shikamoo, babu," akasema, na akaendelea kupanda.