Umri Wangu Ataushuhudia Nani?

Siku hizi hapa Arusha mtu huletewa vyakula nyumbani kama zamani alivyoletewa barua na tarishi. Unapiga simu dukani, unataja unachohitaji, na kabla chai haijapoa kijana wa bodaboda anapiga honi getini. Siku moja nilikuwa natazamia wageni, nikaagiza mchele, mafuta ya kula, sukari, sabuni na chupa moja ya mvinyo wa Dodoma. Kijana alipofika alivua kofia yake ngumu, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, bibi." Nikaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu." Kisha, huku bado ameushika mfuko, akaniambia kwa haya, "Samahani, bibi, humu mna kileo. Nimeagizwa nisikabidhi mpaka nione kitambulisho kwamba mpokeaji ametimiza miaka 18."

Mimi ni mwalimu mstaafu na miaka 70 nimekwisha kuipita. Nilicheka, naye akacheka, lakini mfuko hakuuachia. Nikaingia ndani kuleta Kitambulisho cha Taifa. Akasoma tarakimu nne za mwanzo za namba yangu, 1952, akashukuru, akanikabidhi vitu vyangu.

Sikumlaumu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto kileo, na mtoto kwa sheria hiyo ni kila aliye chini ya miaka 18. Kijana alikuwa akilinda kazi yake. Lililonishughulisha ni jambo jingine. Alikwisha kuushuhudia umri wangu kwa kinywa chake mwenyewe, maana shikamoo haitolewi kwa mdogo wako. Kwa hiyo pale getini palikuwa na mashahidi wawili: salamu na kadi. Salamu ilitosha kunipa heshima, lakini haikutosha kunipa mfuko. Ndipo nikaanza kujiuliza: huku kwetu chini ya Mlima Meru, umri wa mtu umekuwa ukishuhudiwa na nani, na kwa faida ya nani?

Wazee wetu Waarusha hawakuhesabu miaka ya mtu mmoja mmoja. Walihesabu rika. Vijana waliotahiriwa katika kipindi kimoja, ambacho kiliweza kufika miaka 15 hivi, walipewa jina moja, na jina hilo hawakuliacha mpaka kaburini. Walipanda pamoja: wakawa morani, wakawa wazee vijana, wakawa wazee wa baraza. Rika la pili juu yao ndilo lililokuwa mlezi wao, likiwaonya na kuwaombea. Talala wakafuatwa na Tareto, Tareto wakafuatwa na Terito, kisha Nyangusi, kisha Seuri. Majirani zetu Wameru nao walikuwa na marika yao, na baadhi ya majina tulikuwa nayo sote. Thomas Spear, mwanahistoria aliyeandika juu ya wakulima wa mlima huu mwaka 1997, aliyatumia marika hayohayo kupanga tarehe za mambo ya kale.

Baba yangu alikuwa Nyangusi. Mtu akimuuliza umri, hakutaja tarakimu, alitaja rika. Na jibu hilo halikuwa neno lake peke yake. Nyuma yake walisimama mamia ya wanaume waliotahiriwa naye, ambao wangemwumbua mbele ya watu kama angedanganya. Mtoto aliyekutana naye njiani hakuhitaji kuuliza. Aliinamisha kichwa, baba akamgusa utosini, basi. Umri ulikuwa jambo la hadharani, kama mlima.

Wajerumani walipokuja waliuliza swali hilo kwa sababu nyingine. Morani wa Talala ndio waliopambana nao. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa hapa Meru, na kisasi cha kapteni Johannes na askari wake kikaunguza migomba na kunyang'anya mifugo. Mwaka 1900 boma la Arusha lilikuwa limesimama, limejengwa kwa kazi ya kulazimishwa. Amri ya kodi ya nyumba ilikwisha kutolewa tangu 1897. Waingereza walioshika nchi wakati wa Vita Kuu wakatunga sheria yao mwaka 1922: mwenye nyumba alilipa kodi ya nyumba, na mwanamume mzima asiye na nyumba yake alilipa kodi ya kichwa.

Hapo ndipo neno "mtu mzima" lilipopata bei. Karani hakuwa na kitabu cha vizazi cha kutazama. Alikuwa na macho yake tu. Wazee walitusimulia jinsi vijana walivyojikunja na kunyoa ndevu siku ya karani kupita, na jinsi kijana yuleyule, jioni, alivyotaka ahesabiwe mtu mzima kwenye ngoma. Hatuwezi kuwacheka. Kila anayeuliza umri amebeba kitu mkononi, ama cha kukupa ama cha kukuchukulia, na anayejibu hukitazama kwanza kile kitu.

La kustaajabisha ni kwamba serikali iliyodai kodi kwa umri haikujali sana kuuandika umri wenyewe. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ya mwaka 1920 iliwalazimu Wazungu na Waasia, lakini Mwafrika aliachiwa hiari. Tukumbuke, hata hivyo, kwamba Waingereza wenyewe walianza kuandikishwa na serikali yao mwaka 1837 tu. Kabla ya hapo walitegemea vitabu vya ubatizo makanisani, na sisi tulipita njia hiyohiyo. Walutheri walipofungua misheni Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, kitabu cha mchungaji kikawa kwa wengi wetu andiko la kwanza lenye jina na tarehe.

Asiyebatizwa alibaki na matukio. Mama yangu alisema nilizaliwa "mwaka Kirilo alipokwenda Amerika". Kila mtu alielewa. Mwezi Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 walianza kuondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe Wazungu wafugaji. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York kuieleza Kamati ya Umoja wa Mataifa. Wengine walizaliwa mwaka wa Uhuru, wengine mwaka wa Azimio, wengine wakati wa vita vya Kagera. Makarani wa sensa nao walitumia orodha za matukio kama hayo kukadiria umri wa watu. Ndiyo maana katika sensa zetu idadi ya watu wenye umri unaoishia na sifuri au tano ni kubwa kupita kiasi. Mtu akiulizwa asichokijua, huchagua namba iliyo karibu.

Shuleni tulikuwa na kipimo chetu, na wasomaji wa rika langu watakikumbuka. Mtoto aliyeletwa kuandikishwa darasa la kwanza aliambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa na kushika sikio la kushoto. Akilifikia, ametimiza miaka saba. Asipolifikia, arudi nyumbani akale ugali mwaka mwingine. Kipimo hiki hakikuhitaji cheti, wala ada, wala safari ya mjini. Lakini kilipima mkono, hakikupima miaka. Mtoto mrefu alizeeshwa, na mfupi akacheleweshwa, na mwalimu aliandika daftarini mwaka wa kuzaliwa kana kwamba alikuwapo siku hiyo.

Leo swali la umri linaulizwa kila mahali. Mwaka 2019 laini za simu zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya Kitambulisho cha Taifa, na foleni za watu wakitafuta namba hiyo zilianza alfajiri. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na zaidi, na mzee asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bure. Ni jambo jema. Hata hivyo nimemwona kikongwe, mgongo umepinda, anaulizwa dirishani karatasi ya kuthibitisha kwamba amefikisha 60. Aliyezaliwa wakati ambao serikali haikuona haja ya kumwandika anadaiwa na serikali andiko la kuzaliwa kwake. Anatumwa kwa mtendaji wa mtaa, anarudi na barua, anaambiwa muhuri haukuonekana vizuri. Hapo ndipo mtu anapowakumbuka Nyangusi kwa uchungu.

Lakini hapa sina budi kujizuia, maana kuna jambo ambalo sifa za zamani hulificha. Rika lilikuwa la wanaume. Sisi wanawake hatukuwa na rika letu wenyewe. Msichana alijulikana kwa rika la morani aliocheza nao ngoma, na alipoolewa akaheshimiwa kwa rika la mumewe. Kama mume alimzidi miaka 20, naye alipandishwa ngazi hiyo kwa siku moja. Miaka ya mwanamume ilikuwa na mashahidi mia. Miaka ya msichana ilikuwa na shahidi mmoja, mama yake, na mama hakukaa barazani.

Nitatoa mfano. Mwishoni mwa mwaka 1984 nilikuwa nafundisha shule moja upande wa magharibi wa mlima. Binti mmoja alikuwa amemaliza darasa la saba, mrefu, mwenye hesabu nzuri kuliko wavulana wote. Tukasikia kwamba mahari yake imekwisha kupokewa. Mama yake alinijia usiku. Alisema binti alizaliwa katika masika yaliyofuata kufunguliwa kwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Uwanja ule ulifunguliwa Desemba 1971, kwa hiyo mtoto alikuwa na miaka 12. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi.

Tulikwenda ofisini, mama, mwalimu mkuu na mimi. Tukaulizwa swali moja: ushahidi wa umri uko wapi? Hakuwa na cheti cha kuzaliwa, wala hakubatizwa. Mama alieleza habari za uwanja wa ndege na mvua. Likaletwa daftari la shule. Mwaka 1978, wakati Serikali ilipokuwa ikiwaingiza watoto wote shuleni, mwalimu aliyenitangulia alimshikisha sikio, akaona mkono umepita sana, akaandika kwamba alizaliwa 1969. Baba akasema kwa upole, "Walimu, maandishi haya si ni yenu wenyewe?" Neno la mama likaitwa hadithi, na mkono wa mtoto ukaitwa ushahidi. Kabla ya masika kufika alikuwa ameolewa.

Tangu siku ile siwezi kuidharau karatasi, hata inaponisumbua. Karatasi haina heshima, haijui kuinama wala kuitikia marahaba. Lakini humjibu kila anayeuliza jibu lilelile, awe mtoza kodi, mganga, muuza mvinyo au mwenye ng'ombe za mahari, na hujibu kwa binti kama inavyojibu kwa mwana wa mkubwa. Rika halikuweza kumfanyia hivyo. Sheria ya Mtoto imempa mzazi wajibu wa kumwandikisha mtoto wake. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Hukumu hizo zina uzito mkubwa. Lakini hata miaka 18 haiwezi kumlinda msichana ambaye hakuna awezaye kuonyesha kwamba ana 12, na katika utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2010, watoto wa chini ya miaka mitano waliokuwa wameandikishwa nchini walikuwa 16 tu katika kila 100.

Binti yule nilikutana naye tena Vitambulisho vya Taifa vilipoanza kutolewa, mwaka 2013 na baadaye. Alikuwa mama mwenye watoto wakubwa, anauza ndizi na parachichi katika soko la Kilombero. Aliniambia kwamba alipojaza fomu, karani alimshauri atumie mwaka ulioandikwa kwenye cheti chake cha darasa la saba ili mambo yawe mepesi. Alikataa. Alimpandisha mama yake kwenye daladala, mzee kabisa, wakaenda kwa wakili kula kiapo juu ya uwanja wa ndege na mvua za masika. Iligharimu mauzo ya siku kadhaa.

Namba yake inaanza na 1972.